Sinia Moja Bila Chumvi

Katika nyumba ya wazee kule Mtopanga, nilikopata kazi ya jikoni baada ya chuo kikuu, sikukubali agizo lolote kabla ya kuuliza sababu yake. Daktari alipomkataza bibi mmoja chumvi, nilimwuliza muuguzi: kwa nini? Alimbonyeza bibi kwenye muundi, akaondoa kidole. Shimo likabaki pale pale. Moyo umechoka, akaniambia, maji yanakaa miguuni, na chumvi huyazidisha.

"Wanibonyeza kama embe sokoni?" bibi akasema.

Basi daktari nikamwamini. Sahani ndiyo sikuiamini. Mabibi wote walikula kwenye sinia moja, mkekani. Yeye alipakuliwa sahani yake peke yake, mezani, naye hakuigusa.

"Nimekosa nini hata nitengwe kama mwenye ukoma?"

Akaanza kukonda, miguu imevimba vile vile. Tulipomrudisha mkekani na sahani yake, shoga yake akamsogezea minofu ya papa mkavu, chumvi tupu. Nikamkataza, shoga akanijia juu.

"Nile kizuri peke yangu, mwenzangu akitazama? Wewe kwenu hukufunzwa?"

Alikuwa na haki. Lakini agizo lilitaja chumvi, halikutaja sahani! Nilipeleka hoja hiyo kwa mtaalamu wa lishe, akaikubali. Kuanzia kesho yake chungu cha mabibi kilipikwa bila chumvi: samaki mbichi badala ya papa, tui zito, tangawizi, ndimu, pilipili. Waliokuwa na ruhusa waliwekewa chumvi kwenye visahani vyao, kila mtu achovye tonge lake.

"Leo mmewapikia malaika?" mmoja akauliza.

"Ongeza ndimu, bibi," nikajibu. Sikutetereka.

Shoga mtu akasogeza mnofu upande wa pili wa sinia, kama kawaida yake. Safari hii sikumkataza. Bibi akaula, akalamba vidole, akasogeza mkono kutafuta mwingine.

Sidai kwamba chungu changu ndicho kilichofanya kazi yote. Dawa nazo alizimeza. Lakini baada ya wiki kadhaa nilipiga magoti mkekani, nikambonyeza muundi mwenyewe. Ngozi ikarudi mara moja.

"Haya, embe limeiva?"

"Bado gumu, bibi."

"Basi niondokee hapa, wanizuilia sinia."