Sauti ya Saa Sita

Enzi zile, kabla kila mtu hajatia simu mfukoni na kuacha kumsikiliza mwenzake, bonde zima la Sacaní lilinyamaza ifikapo saa sita mchana. Bibi Casimira Choque, Doña Casimira kwa lugha ya huko, alikuwa akisoma salamu redioni: fulani arudi nyumbani, mama yake hajiwezi, fulani aje na nyumbu kumchukua mgonjwa. Kwa miaka ishirini na miwili sauti yake iliingia kila nyumba, na yeye mwenyewe hakuwa na hata moja ya kuingia kupiga soga. Sokoni akiuliza bei ya viazi, wanawake walishika vifua, wakidhani kuna msiba. Akajizoeza kununua kwa kidole.

Jumapili moja, siku ambayo redio ilipiga kanda za sauti yake, alikuwa akianika nguo uani, amepanda ngazi. Ngazi ikateleza, akaanguka, mguu ukavunjika. Ng'ambo ya ukuta Apolinar mshona viatu na mkewe Hilaria walikuwa wakila, redio yao ikinguruma.

"Ndugu zangu, nisaidieni, nimevunjika mguu," Casimira aliita.

"Nyamaza, kuna tangazo," akamsikia Apolinar.

"Nani kavunjika?" Hilaria akauliza.

"Subiri, atataja jina."

Casimira akataja jina lake, mtaa, hata rangi ya mlango, polepole na kwa ufasaha, maana hakujua kuita kwa namna nyingine. Hilaria akamsikitikia mgonjwa, akashangaa kwamba jina lake ni sawa na la mtangazaji. Wakaendelea kula. Maumivu yakipanda kiunoni, Casimira akajiuliza: hivi watu hupayukaje?

"Apolinar, masikio ya punda wewe! Ruka ukuta, nakufa!"

Kisha Hilaria akasema taratibu, "Mume wangu, redio haitukani."

Apolinar aliporuka ukuta na kumwona chini alivua kofia, akasimama asijue kama inaruhusiwa kumshika, mpaka mkewe, aliyemfuata, akamsukuma. Walimwingiza ndani, wakaufunga mguu kwa vipande vya soli, na Apolinar akaenda kumwita tabibu. Hilaria akaleta supu. Badala ya kushukuru, Casimira aliuliza jambo lililomsumbua miaka mingi: yule Teodosio wa Quilacota, ambaye yeye alimwita redioni mara tisa aje kumzika baba yake, alifika? Hakuna aliyewahi kumletea jibu la salamu yoyote.

Hilaria akacheka. "Alifika, doña. Kachelewa siku mbili, kalewa, na kaja na mke mwingine."

"Mke mwingine?"

"Sogea nikae, nikuhadithie."