Kombe la Bibi Mkubwa na Mwenzake

Juzi, bomani Newala, nilimkuta muuguzi wa Lulindi, bingwa wa badminton ya wanawake wawili wawili, ameshika kombe aliloshinda mara tatu mfululizo. Kila mwaka alipangwa kucheza pamoja na mke wa bwana shauri mpya, yule afisa mzungu wa wilaya. Kidole chake kilifuata maandishi: majina matatu ya kizungu, kila moja likifuatwa na “na mwenzake”.

“Shikamoo, baba. Jina langu liko wapi?” alimuuliza karani wa boma aliyekuwa akiandika mezani.

“Marahaba, mwanangu. Si ndiye wewe huyo mwenzake?” karani alijibu bila kuinua kichwa.

Hasira zilinipanda. Mmoja wa mabibi hao nilimwona mwenyewe akikikimbia kile kimpira cha manyoya!

Bingwa aliliweka kombe mezani taratibu. “Basi, baba, mwakani wamtafutie bibi mwenzake mwingine. Tuone wataandika nini.”