Watu Wasiotakiwa Kung'aa

Kwa miaka miwili kazi yangu Dubai ilikuwa kupaka rangi watu wadogo, kila mmoja na urefu wa pingili ya kidole. Karakana yetu ilikuwa Al Quoz, ndani ya godauni lililogawanywa kwa mbao. Tulitengeneza mifano ya majengo ambayo bado hayajajengwa, ya kuwekwa mezani ili wanunuzi wa nyumba waone watakachopata. Wenzetu walikata plastiki na kubandika madirisha. Mimi na mama mmoja wa Kizanzibari tulipewa watu. Walikuja weupe kama chaki, sisi tukawapa ngozi, nywele, kanzu, mabuibui na mikoba.

Mama huyo aliletwa Dubai na wazazi wake akiwa mdogo, lakini Kiswahili chake kilikuwa bado kile cha Unguja. Mimi nimetoka Nyeri. Nilikuja kuwa mlinzi katika jengo moja la Marina, na baada ya kusimama mlangoni mwaka mzima nikabahatika kupata kazi ya kukaa. Nikisema "hii kitu imeharibika" alinisahihisha papo hapo, bila kuinua macho kwenye brashi yake.

Taabu yetu kubwa ilikuwa mng'ao. Rangi ya akriliki ikikauka hubaki inameremeta kidogo. Ukutani humeremeta mtu asijali, lakini mtu wa ukubwa ule akimulikwa na taa, uso wote unageuka nukta moja ya mwanga.

"Mbona wote wanatoka jasho?" msimamizi wetu aliniuliza siku moja kwa Kiingereza, ameinama juu ya bustani ya plastiki. "Hakuna anayenunua nyumba mahali watu wanatoka jasho."

"Nitarekebisha, sir."

Dawa ya mng'ao ni vanishi isiyong'aa, ambayo hupakwa juu ya rangi iliyokauka. Nilifungua chupa, nikapaka watu arobaini kwa uangalifu wote. Walipokauka waling'aa kuliko mwanzo. Nilikaa nawatazama kama mtu aliyetukanwa.

"Uliitikisa?" mama akauliza.

"Kidogo."

"Ule unga ulioko chini ndio unaoua mng'ao. Wewe umepaka maji ya juu tu."

Basi nikajifunza kutikisa chupa mpaka mkono unauma. Lakini tulikuwa na watu zaidi ya mia mbili, na mteja alitaka kazi yake Alhamisi. Msimamizi akaleta makopo ya kupulizia vanishi hiyohiyo ili twende haraka. Harufu yake hakuitaka ndani, akaniambia nipulizie nje mlangoni.

Ilikuwa Agosti. Jumanne asubuhi hewa ilikuwa nzito hata miwani yangu ilifunga ukungu mara tu nilipovuka kizingiti. Niliwapanga watu juu ya maboksi, wamesimama kwenye utepe wa gundi, nikapuliza safu baada ya safu. Vanishi ilipokuwa mbichi walipendeza. Nikafurahi, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi walikuwa wamefanya ukungu mweupe. Wenye mavazi meupe hawakuonyesha sana. Mabuibui meusi yalikuwa kama yamemwagiwa unga. Walioharibika kabisa ni wale niliowapaka ngozi nyeusi, thelathini na kitu. Walikuwa na ule upauko wa mtu aliyeoga akasahau kujipaka mafuta.

Nilimwita mama. Alimshika mmoja kwa koleo, akampeleka penye taa, akamrudisha.

"Unyevu," alisema. "Hewa imeingia ndani ya vanishi kabla haijakauka."

Msimamizi alikuja, akatazama kwa muda mfupi sana. "Mabuibui yapakwe upya," alisema. "Na hawa weusi wapake ngozi nyeupe. Nyeupe haionyeshi kosa."

"Sir, naweza kuwarudisha walivyokuwa."

"Hakuna aliyeagiza weusi. Wewe ndiye uliyewaweka. Khalas, yamekwisha."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angekuwa amenifokea ningejua pa kuiweka hasira yangu. Ni kweli hakuna aliyeniagiza. Nilikuwa nikipaka watu wa mjini, na katika mji huo mimi nilikuwemo.

Alipoondoka mama akachukua chupa ya vanishi ing'aayo, akanisogezea. "Warudishie mng'ao kwanza."

"Mama, si huo mng'ao ndio tunaoukimbia siku zote?"

"Huo weupe ni uso wa vanishi uliochafuka. Ukiujaza, rangi inarudi. Jaribu mmoja."

Nikapaka mmoja, mwanamke mwenye mfuko wa sokoni. Mbele ya macho yangu ukungu ulizama na kahawia yake ikarudi, nzito na safi. Sasa alikuwa anang'aa kama kiatu kipya. Alipokauka nikampaka tena vanishi isiyong'aa, nimeitikisa vizuri, ndani, chini ya kiyoyozi. Akafanya ukungu tena. Nikaitupa brashi ukutani.

Mama aliinuka, akaiokota, akaiosha. "Umeijaza brashi mno," alisema. "Ifute kwenye karatasi kwanza, mpaka udhani haina kitu. Kisha mpake mara mbili, usimpake mara moja kwa wingi."

Jumanne hiyo na Jumatano tulifanya hivyo, yeye mabuibui, mimi watu wangu. Mmoja akitoka vizuri, wa pili alibaki na doa shavuni, wa tatu vanishi ilituama kwenye mikunjo ya nguo ikakauka kama maziwa. Sijui kwa nini. Mkono ni ule ule, chupa ile ile. Kufikia Jumatano jioni nilikuwa nimewaokoa ishirini na wawili, ngozi zao zimetulia kama ngozi ya mtu kweli.

Alhamisi asubuhi nilikuta waliobaki mezani kwa fundi mwingine, kwa amri ya msimamizi. Walikuwa wamepakwa rangi ya waridi iliyofifia na bado wanakauka. Nilitafuta yule mwenye mfuko wa sokoni nikamtambua kwa mfuko tu. Nikaenda kuosha brashi zangu.

Tulipeleka kazi Marina mchana. Nilibandika watu mmoja mmoja kwenye njia na kando ya bwawa, na wale ishirini na wawili nikawaweka karibu na lango kuu. Kisha watu wa mteja wakafunika mfano wote kwa kioo kinene. Taa za darini ziliakisi juu yake kiasi kwamba ukisimama wima huoni chini yake kitu, ila mataa na uso wako mwenyewe. Mwanamke wa ofisi ya mteja aliinama pembeni, akasifu miti.

Mwezi uliofuata duka tulikonunua vanishi liliacha kuuza ile. Wakatuletea nyingine, nzito zaidi, yenye maelezo ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Mama aliitikisa, akaidondosha kwenye kipande cha plastiki, akaketi kuitazama ikikauka. Nami nikavuta kiti.