Mke wa Kulipiwa

Wivu wangu kwa mke mwenzangu haukuanza kwa uzuri wake, kama walivyosema watu wa kijiji chetu kule karibu na Milola. Ulianza kwa kodi. Nikieleza hivyo wajukuu wangu hucheka, nami nawaacha wacheke, maana hawakumwona yule mwanamke akikunja cheti chake na kukifunga kwenye pindo la kanga huku akinitazama.

Zama za Mwingereza kila mwanamume alilipa kodi, na kodi hiyo ilitosha kwa yeye, nyumba yake na mke mmoja. Akiongeza mke, nyumba ya wa pili ililipiwa kando, na cheti chake kilitolewa kando. Mume wangu aliuza ufuta Lindi, akalipa zote mbili barazani kwa jumbe. Cheti chake akakitia ndani ya kofia, cha pili akampa bi mdogo akitunze. Mimi bi mkubwa, niliyeupalilia ufuta huo mpaka mgongo ukakataa kunyooka, sikupewa kitu. Nilihesabiwa humo humo ndani ya kodi ya mume. Mwenzangu alikuwa na karatasi yenye mhuri.

Wanaume wenye wake wawili walikimbilia porini matarishi wakija kukusanya. Walilia kwa kulipa. Mimi nililia kwa kutolipiwa.

Pengine ningezoea, lakini kikaja kisima. Jumbe alituita, akatueleza kwamba fedha zetu hazimezwi zote na Mwingereza. Sehemu inabaki katika hazina ya baraza, ndiyo inayowalipa karani, matarishi na bwana wa dawa, na mshahara wake yeye mwenyewe, ambao aliutaja upesi na kuupita. Safari hii iliyobaki imejenga kisima cha saruji, hatutachota tena maji ya tope bondeni. Akamaliza kwa kusema kwamba kisima ni mali ya walipa kodi.

Alikusudia sisi sote. Mke mwenzangu alisikia yake. Asubuhi aliipita mitungi yote iliyopangwa foleni, akatua wake mbele, akawaambia wanawake kwa upole kabisa kwamba yeye amelipiwa na cheti anacho. Wajinga wale wakampisha. Kisha akanigeukia.

"Dada, lete mtungi wako nikutekee. Cheti huna, lakini wewe ni mtu wangu."

Roho iliniuma nikaona giza. Huyo niliyemfundisha kutwanga mtama alikuwa ananifadhili maji mbele ya kijiji kizima, na kila asubuhi ikawa hivyo. Sikutaka dhahabu wala kanga mpya. Nilitaka wanawake wale wajue nani mwenye nyumba.

Nikamwambia mume wangu nataka cheti. Akasema wanaume wanakikimbia, mimi nakikimbilia, nina kichaa. Nikamnunia. Ugali nilimpikia, maneno nikamnyima, mpaka msimu wa kodi uliporudi akachoka, akanipeleka barazani.

Karani alinisikiliza akiuma midomo asicheke. Akaeleza kwamba sheria inamtoza mume kwa mke wa ziada tu. Wake wakiwa wawili, mmoja anaingia katika kodi ya mume na mwingine ndiye wa ziada. Kuandikwa wote wawili haiwezekani. Nikitaka cheti kiwe changu, lazima mimi niwe wa ziada na mwenzangu aingie mahali pangu. Jumbe akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Kwa kweli nilikuwa namtazama mume wangu.

Karani akachovya kalamu, akamuuliza yeye. "Haya, bwana. Wa ziada ni yupi?"

"Huyu," akasema, akinionyesha kwa kidevu.

Nilitaka abishe kidogo. Aseme huyu nilimwoa sina hata jembe la maana, huyu hawezi kuitwa wa ziada. Ningemshinda, na cheti ningekichukua vile vile, lakini nilitaka abishe. Jumbe mwenyewe alimtupia jicho. Mume wangu alikuwa anahesabu senti zake mezani, hakuona. Karani akaandika, akagonga mhuri, akanikabidhi.

Kesho yake nilijifunga kanga yangu nzuri, nikaipita mitungi yote. Wanawake wakanipisha, nikateka maji ya kwanza, nikasubiri mwenzangu aje anione. Hakuja. Nikarudi na mtungi kichwani, nikapita mlangoni kwake. Viatu vya mume wangu vilikuwa nje, na zamu ya siku ile ilikuwa yangu.