Baba Mkwe, Mimi na Wezi wa Melini

Jambo hili nililificha miaka mingi, lakini Kemunto, rafiki yangu wa tangu kambini, amelimwaga mbele ya akina mama wa kanisa, basi heri mlisikie kwangu mwenyewe mnicheke vizuri.

Nyabuto alikuwa amenioa miezi miwili tu, tunakaa kambi ya wachuma chai huku Kericho, na baba yake alikuwa aje kutoka Kisii siku ya Jumapili kunitazama mara ya kwanza, aseme kama nitakaa ama nirudishwe kwetu (tulikuwa tumetoroka tu, bila baraka ya mtu). Sasa Jumamosi mchana nimetoka kupima majani, nimeweka maharagwe motoni, nasikia sinema imeletwa holi ya kambi, nikajiambia nichungulie kidogo tu, maharagwe hayana miguu.

Madirisha yalikuwa yamezibwa na blanketi, giza kabisa, nikabanana na Kemunto benchi la mbele, karibu na shuka nyeupe iliyotundikwa kwa miti kuonyeshea sinema. Ilikuwa sinema kuukuu ya wezi wanaiba dhahabu ndani ya meli, na mimi bahari sijawahi kuiona, lakini uongo naujua. Meli inalala ubavu, mawimbi juu kama nyumba, na kikombe cha kapteni pale mezani hakimwagiki hata tone! Halafu mwizi mmoja, mwembamba hivi, anabeba sanduku zima la dhahabu begani akiimba.

"Huyo apewe kikapu changu cha majani siku ya mvua, tuone kama ataimba!" nikasema kwa sauti.

Mwanamume mmoja alikuwa ameingia gizani akaketi kando yangu. "Na yule si alipigwa risasi akazama?" akauliza. "Mbona amerudi na shati kavu?"

"Labda huko chini kuna pasi."

Alicheka mpaka benchi likatikisika. Nikampiga paja, akanipiga bega, tukaendelea hivyo kama watu wamechunga ng'ombe pamoja, hata mahindi yangu ya kuchoma nikamkatia nusu.

Kiplangat, mwenye mashine, akasema, "Fungueni dirisha, nabadilisha filamu."

Mwanga ukaingia. Nyabuto alikuwa amesimama mlangoni, mdomo wazi. Baba yake alikuwa amefika siku moja mapema, na Nyabuto, akidhani mimi bado niko shambani, akamleta huku apitishe saa.

"Baba," akasema, "huyo... ndiye."

Na kwetu Wakisii mke wa mtoto na baba mkwe hawapeani hata mkono, hawakalii benchi moja. Mkono wangu ulikuwa bado kwa paja lake!

Mlangoni yuko Nyabuto, basi nikakimbia mbele, nikaingia ndani ya ile shuka ya sinema, nikaing'oa na miti yake, nikatokea nayo kichwani kama bibi arusi.

"Mama, shuka yangu!" Kiplangat akalia. Sinema ikaishia hapo.

Nyumbani maharagwe yalikuwa makaa. Nilikuwa nafunga nguo zangu ndani ya kikapu niliposikia mzee nje akimwambia Nyabuto, kwa sauti kubwa ili nami nisikie bila kuambiwa: "Huyu akae, ana macho. Lakini muulize, dhahabu ilifika?"

Aliendelea kuniuliza hivyo kupitia Nyabuto mpaka alipokufa, na mimi ndiye niliyeangusha shuka, ningejulia wapi? Maharagwe nimechoma mengine mengi, lakini benchi la gizani sikalii tena kabla sijamuuliza jirani: wewe ni baba ya nani?