Njia ya Moa Niliyoifuta

Nakumbuka adhuhuri moja, mwanangu, niko ofisini mtaa wa Nguvumali, binti mwenye cheti kipya na kiburi tele. Kazi yangu ilikuwa ruta, zile mashine zinazoipa kila taarifa njia ya kupita. Ndani yake mna jedwali la njia. Ukikosea mstari mmoja tu, watu wa upande wa pili hawapatikani tena.

Bosi wangu, Mzee Mndolwa, Mbondei mpole, alikuwa na sheria zake: kabla hujagusa ruta ya mbali, nakili jedwali la zamani daftarini, kisha iamuru ijizime na kujiwasha baada ya dakika kumi, ili ukiharibu irudie la zamani yenyewe. Mimi nilimwona mwoga, sheria hizo nikaziruka. Ujinga huo!

Basi nikaingia kwenye ruta ya kituo cha afya cha Moa nikiwa palepale mezani kwangu, nibadili njia. Nikafuta ya zamani kabla sijaandika mpya. Lo! Skrini ikaganda. Njia niliyoifuta ndiyo iliyoniingiza mimi mwenyewe.

Simu ikalia. Daktari wa mjini, anafoka: "Nesi wa Moa amekatika! Nilikuwa namwelekeza, mama kajifungua na damu haikomi!"

Nesi yule alitegemea simu inayopita kwenye mtandao wetu. Pale kituoni simu za mkononi zilishika mawimbi getini tu, na hakuweza kumwacha mgonjwa. Kwenda Moa kwa gari, tungemkuta maiti.

Mzee Mndolwa akaniuliza taratibu, "Ulihifadhi ulichobadili?"

Kama nilihifadhi, ruta hata ikizimwa ingeamka na kosa lilelile. Kama sikuhifadhi, ingerudi na jedwali la zamani. Na mimi sikukumbuka kama amri ya kuhifadhi niliituma pamoja na ile ya kufuta. Wallahi sikukumbuka!

Akampigia mlinzi wa kituo, aliyekuwa getini. "Kimbia ndani, baba. Ile mashine ya taa za kijani, chomoa waya wa umeme, hesabu mpaka kumi, chomeka."

Tukangoja iwake. Dua zote nilizofundishwa madrasani nilizisoma, nyingine nikizichanganya. Mara Moa ikaitika. Daktari akaendelea na nesi wake, na jioni tukaambiwa mama yu hai.

"Alhamdulillahi, tumemwokoa," nikasema.

Mzee akanitazama. "Tumemwokoa? Wewe binti, ungekumbuka kuhifadhi, sasa hivi tungekuwa tunaulizia maziko. Kusahau kwako ndiko kulikomponya."

Nililia, wala sioni haya kukwambia.

Kwa hiyo, mwanangu, usiguse kitu cha watu kabla hujajua utakirudishaje kilivyokuwa. Uliza kwanza nani anakitumia saa hiyo. Weka njia mpya, ijaribu, ndipo uondoe ya zamani. Akikuhimiza mkubwa wako, mwambie kwa adabu asubiri. Na mambo yakikunyookea kwa bahati, usijiite fundi.

Mungu ailinde mikono yako, akupe subira, na kila unayemhudumia bila kumwona uso amrudishe kwao salama. Amina.