Leso Sita na Kiti Kimoja

Mteja akiniambia, "Mimi sina mambo mengi," najua nimepatikana. Nimepamba harusi kuanzia Kiriaini hadi Karatina na bado sijakutana na mtu asiye na mambo mengi. Wenye mambo machache huandikisha ndoa ofisini, wakanywa chai, wakaenda nyumbani. Hao wengine ndio huniita mimi.

Huyu wa Mukurweini alianza vizuri. Alikuja dukani kwangu Ruring'u akataka rangi mbili tu, kijani na krimu, mahema mawili, na viti vya meza kuu vifungwe utepe. Ilikuwa ngurario, ile sherehe ya kukata bega la mbuzi ambayo kwetu ndiyo huifanya ndoa iwe ndoa. Kisha kamati ikaundwa kwenye simu, na amani yangu ikaishia hapo. Mmoja alitaka zambarau. Mjomba aliuliza maua ni ya nini, kwani wageni ni mbuzi? Shangazi mkubwa, dada ya baba yake bibi harusi, hakuuliza chochote. Siku yenyewe alifika na gunia la maua ya plastiki, ati yangu yatanyauka, akaanza kuyafunga kwenye nguzo nilizokwisha kuzipamba.

Bwana harusi alikuwa dereva Uarabuni. Walichumbiana, akaondoka, na miaka yote hiyo mapenzi yao yalilelewa na simu. Alirudi wiki ile ile ya sherehe, na kila walipoonana ukoo mzima ulikuwa umewazunguka.

"Bwana wa simu huyo," shangazi alisema chumbani, nikimvisha bibi harusi shanga. "Chaji ikiisha, ndoa nayo imeisha."

Wanawake walicheka. Bibi harusi naye alicheka, lakini mkono wake niliokuwa nimeushika ulikuwa baridi.

Sasa, kuna desturi. Bibi harusi hufunikwa leso kuanzia utosini hadi miguuni pamoja na wasichana wengine, wakasimamishwa kwa mstari, naye bwana harusi amtoe aliye wake. Akimfunua mwingine hutozwa faini, na hadithi hiyo itasimuliwa hadi kwa wajukuu wake. Siku hizi lakini ni mchezo wa kuigiza. Bwana harusi huja akilijua jibu: kiatu chekundu kimechomoza, au mtu atakohoa. Mimi mwenyewe ndiye hupanga kikohozi. Kila mtu hufurahi, na mbuzi hukatwa mapema.

Bibi harusi huyu hakutaka ishara yoyote.

"Usiambie mtu, Madam," alininong'oneza tulipobaki wawili. "Nataka kujua kama ananijua."

"Na akikosea?"

"Basi nitakuwa nimejua."

Nilitamani kumfinya. Nimeamka alfajiri kupiga pasi vitambaa vya meza, yeye anatunga mtihani! Nilimwambia kwamba hata hivyo urefu wake utamfichua, maana aliwapita wenzake wote kwa kichwa kizima. Akasema atakunja magoti. Kwa goti lile! Nilikuwa nimeliona nikimvisha viatu: kovu refu, kumbukumbu ya boda boda iliyomwangusha kwenye barabara ya murram, ile ya changarawe, mchumba wake akiwa ng'ambo. Tangu siku hiyo, aliniambia, halipendi kukunjwa.

"Nitavumilia," alisema. Nikamfunika leso kwa hasira.

Nilipotoka nje, msimamizi wa bwana harusi alinivuta kando. "Madam, si uniambie tu ni wa ngapi? Hawa akina matha watatumaliza." Mpiga picha naye alitaka kujua aelekeze kamera wapi. Mama wa bwana harusi alinijia na soda baridi, akanisifia mapambo, halafu akauliza, kana kwamba ni jambo la kupita tu, kama bibi harusi yuko upande wa kushoto au wa kulia. Wote niliwaambia sijui. Sijawahi kulinda siri niliyoichukia namna ile. Manyunyu nayo yalikuwa yameanza.

Wakasimamishwa: leso sita, zote za jora moja, vimo vyote sawa. Bwana harusi aliupita mstari mzima, akafika mwisho, akarudi. Wanawake walikuwa wakiimba. Akaupita tena. Jasho lilimtoka, na baridi yote ile ya Mukurweini.

"Si upige simu!" shangazi alipaza sauti. "Pengine ataita!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Nilitazama leso ya nne. Pindo lake lilikuwa linatetemeka, na nilijua ni kwa nini. Niliwakasirikia wote kwa mpigo: shangazi, desturi, binti mwenyewe kwa ukaidi wake, na huyo dereva anayejua barabara zote za Uarabuni na hamjui mchumba wake. Nilikuwa tayari kukohoa.

Ndipo akasimama mbele ya pindo lile. Alilitazama, kisha akageuka akauacha mstari kabisa. Watu wakaguna kwamba ameshindwa. Akaenda moja kwa moja kwenye meza kuu, kwenye viti nilivyofunga utepe kimoja kimoja na kumkataza kila mtu asiviguse, akachomoa kimoja. Alikikokota kwenye nyasi zilizolowa, utepe ukifunguka nyuma yake, akakiweka nyuma ya leso ya nne.

Hakumfunua. Alisema tu, "Kaa chini. Hiyo goti itafura tena, halafu uniambie ati haiumi."

Leso ilikaa chini. Chini yake tulisikia mtu akilia, na hapo ndipo alipoifunua, polepole. Wa kwanza kupiga vigelegele alikuwa shangazi, na alipiga kwa nguvu hadi sauti ikamkatika.

Mpiga picha alinikimbilia. Utepe ulikuwa kwenye matope, akasema, kiti kinaharibu picha, nikifunge upesi au kiondolewe.

Nilimwambia akikigusa kile kiti tutakosana.